Cadet na Namba Isiyochoka Kuzunguka

Cadet Niyomwungere, fundi cherehani wa Kasulu mjini, alikuwa mtu safi kabisa mpaka uguse hesabu. Ukigusa hesabu, umekwisha. Ulikuja kufupishiwa suruali, utaondoka na suruali imefupishwa vizuri na kichwa kinakugonga, kwa sababu ya namba moja tu ambayo bwana yule aliipenda kuliko wenzake wanavyopenda timu zao za mpira.

Namba yenyewe ni 142857. Usiidharau. Kwa macho ni namba kama namba nyingine, ungeweza kuikuta nyuma ya gunia la saruji ukapita zako. Lakini Cadet alikuwa akisema kwamba namba hiyo ina tabia, na akishaanza kukueleza tabia zake, hata ukiaga anakusindikiza mpaka barabarani akiendelea kuzidisha.

Hakuisoma kwenye kitabu. Shule yake iliishia kidato cha pili kule Nyakitonto, alikozaliwa. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa wadogo, wakalima, wakapata uraia, wakazaa watoto, na huyu wa mwisho wakamwita Cadet, Kifaransa cha mtoto wa mwisho, kwa kuwa ndiye kitindamimba. Cherehani alifundishwa na baba yake mdogo, mzee Ntirampeba, ambaye mpaka leo anajilaumu kwa kumwachia kijana simu yenye kikokotoo.

Namba ilimjia akiwa kazini. Kwaya moja ya Kibondo ilileta vitambaa, ikataka sketi za vipande saba. Sasa, mafundi wote wanajua kushona sketi ya vipande sita au nane, maana inagawanyika bila kelele. Saba ni ugomvi. Lakini mwalimu wa kwaya alishikilia kwamba saba ndiyo namba ya ukamilifu, na waimbaji wake hawawezi kusimama mbele ya madhabahu na vipande nane. Haya, Cadet akashika simu akaanza kugawanya. Mama wa kwanza alikuwa na kiuno cha mita moja kamili, na kila kipande kikatoka sentimita 14.2857142857. Pindo la chini la sketi hiyohiyo lilikuwa mita mbili, ikatoka 28.5714285714. Mama wa pili alitaka pindo la mita tatu, ikatoka 42.8571428571. Fundi mwingine angekata kumi na nne na kidogo, akaendelea na maisha yake. Cadet aliweka mkasi mezani na siku ile hakukata kitambaa tena.

Alichokiona ni hiki. Tarakimu ni zilezile sita, na zinafuatana vilevile, ila kila mara zinaanzia mahali pengine. Ni kama watu sita waliokaa kuzunguka sinia la ugali: ukianza kuwahesabu kutoka kwa huyu au kutoka kwa yule, watu ni walewale na hakuna aliyehama kiti. Chukua 142857, izidishe kwa mbili, unapata 285714. Kwa tatu, 428571. Kwa nne, 571428. Kwa tano, 714285. Kwa sita, 857142. Inazunguka tu, haichoki. Halafu unaizidisha kwa saba ukitegemea mzunguko mwingine, na yenyewe inakutolea 999999, tisa tupu, kana kwamba imekasirika. Kwa nane inajificha: 1142856. Lakini ukiitoa ile moja ya mbele ukaijumlisha na sita ya nyuma, unaiona imerudi pale pale, 142857, inakuchekelea. Cadet akifika kwenye hii ya nane huwa anashika bega la mteja.

Watu walimchoka, tusidanganyane. Winnie, aliyeuza chai na maandazi mlango wa pili, alimpa jina la Bwana Zidisha, na jina likashika mpaka sokoni. Wateja walijifunza kuja wakiwa na haraka ya uongo. Mmoja alikuwa akisema msiba, kila wiki ana msiba. Cadet alijua anachekwa, na ilimuuma kidogo, lakini mdomo wake haukuwa na breki. Furaha ikimjaa ilikuwa lazima imwagike kwa mtu.

Kati ya waliomwagikiwa alikuwamo Consolée Ininahazwe, mwimbaji wa ile kwaya, aliyetumwa kutoka Kibondo kusimamia sketi zisiharibiwe. Dada mrefu, mpole, mwenye kutazama mambo bila kuyasema. Cadet alimweleza namba yote kuanzia mbili mpaka nane. Yeye akasikiliza hadi mwisho, akasema tu "ego," ndiyo ya kwao, akauliza sketi yake itakuwa tayari lini. Baada ya wiki mbili akarudi, eti sketi imemlegea. Cadet akapima. Sketi haikulegea hata uzi mmoja, na futi ya fundi haisemi uongo. Hakumwambia. Alikaa akaifumua, akaishona upya vilevile, huku moyo unamwenda mbio na mdomo unazidisha.

Hivyo ndivyo walivyopendana, kwa sketi isiyo na kasoro iliyosafiri kati ya Kibondo na Kasulu kwa miaka miwili. Waliongea mambo mengi, ya shamba, ya kwaya, ya watoto watakaowapata Mungu akijalia. Ila Cadet akigusa namba, Consolée alijibu "ego" yake ileile, kisha kimya. Na hilo ndilo lililomkosesha Cadet raha. Siku moja alimuuliza Winnie anaonaje, na Winnie, ambaye hakuwahi kumung'unya maneno, akamwambia asijidanganye: binti wa watu anampenda, ndiyo, lakini anampenda licha ya hiyo namba yake, kama mtu anavyopenda mume anayekoroma. Cadet alicheka. Chai ile hakuimaliza.

Posa ikapangwa, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Baba yake Consolée, mzee Harerimana, ni mfuga nyuki wa nje kidogo ya mji wa Kibondo. Mtu wa mizinga, amezoea kutembea polepole na kunyamaza, maana nyuki hawapendi makelele. Watu wasemaji hawamkai rohoni kabisa. Na katika ukoo wake kuna desturi waliyotoka nayo ng'ambo ya mpaka, Burundi, na ambayo hawajaipunguza hata kidogo: siku ya posa mwenye kuoa hasemi. Anakaa pale kama mzigo ulioletwa. Msemaji wake ndiye husema, anaombewa maji na msemaji, hata asante yake inatolewa na msemaji. Akifungua mdomo kabla hajapewa mke, wageni wanasimama, wanabeba kapu lao, wanarudi walikotoka. Mzee Harerimana aliwahi kumrudisha mchumba wa binti yake mkubwa kwa sababu kijana, alipoulizwa kama kiti kinamtosha, alijibu mwenyewe.

Kwa wale wa Kasulu mzee alituma neno mapema. Atawapokea mara moja tu. Wakirudi mikono mitupu, atajua Mungu amejibu, na asisikie tena habari za fundi.

Sasa fikiria wewe, Cadet Niyomwungere, Bwana Zidisha, anyamaze toka asubuhi hadi apewe mke. Njia nzima, ndani ya Noah waliyokodi, mzee Ntirampeba alikuwa akimpa maonyo, maana yeye ndiye aliyekuwa msemaji. Walipoziona paa za Kibondo, alimgeukia mara ya mwisho.

"Leo sitaki kusikia hata moja jumlisha moja," alimwambia. "Ukitaka kuhesabu, hesabia tumboni."

Cadet akaapa. Na haki ya Mungu, alianza vizuri. Aliketi chini ya turubai kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini, suti aliyoishona mwenyewe imemkaa sawasawa. Wakaletewa maji, akanyamaza. Kuku akampitia juu ya viatu vipya, akanyamaza. Wasemaji wakaanza kuchuana. Upande wa nyumba alikuwa Ndayikeza, katekista mstaafu, mtu mwenye maneno matamu na macho ya kuchokoza. Alishangaa kuona wageni. Akasema labda wamepotea njia, hapa wanauza asali tu, hakuna binti, aliyepo ni bibi mmoja anayeumwa magoti. Ntirampeba akajibu kwamba basi wataposa magoti ya bibi. Watu wakaangua kicheko, hata mzee Harerimana akakunja mdomo upande mmoja. Walikwenda hivyo mpaka jua likapanda, utani juu ya utani, na Cadet akawa anatikisa kichwa tu kwa adabu.

Ndipo Ndayikeza akasema kwamba kweli, akikumbuka vizuri, nyumba hii ina wasichana. Watapitishwa. Kama wageni wanamjua wao, wamtaje. Watamtaja mara moja, na wakimkosa wajue njia ya Kasulu ni ya lami siku hizi, watafika mapema.

Kwa kawaida wanawali hufunikwa kanga. Lakini ukoo ule ulikuwa umeambiwa kwamba anayeposa ni fundi cherehani, mtu anayejua kiuno cha binti yao kuliko daktari, na shangazi yake Consolée, mama Therese, hakutaka mchezo. Wasichana sita walitoka nyuma ya jiko wamefunikwa mablanketi mazito ya kijivu kutoka utosini mpaka magotini, wameinama kama vibibi, na miguuni wote wamevaa mabuti ya mvua ya kulimia. Mabega huyaoni wala mwendo huujui. Cadet aliwatazama kwa jicho lake la ufundi na hakuona kitu isipokuwa mablanketi.

Kwa kuwa midomo yao ilikuwa imefungwa na desturi, wasichana walisalimia kwa makofi. Kila mmoja alisimama mbele ya wageni, akapiga makofi chini ya blanketi, akasogea. Wa kwanza akapiga makofi mengi, wa pili akapiga moja tu, watu wakacheka kwa ubahili wake. Wakaenda hivyo mpaka wa sita. Wakazunguka ua, wakapita tena.

Safari ya pili Cadet alikuwa akihesabu, si kwa kutaka, ndivyo alivyoumbwa. Wa kwanza, saba. Wa pili, moja. Wa tatu, nne. Alipomsikia wa tatu, kitu kikamgonga kifuani. Akajiambia, Cadet, acha wazimu. Wewe unaiona namba hata kwenye mbegu za mahindi. Wa nne akapiga mbili. Wa tano, nane. Wa sita, tano.

Saba, moja, nne, mbili, nane, tano. 714285. Namba yake, nzima, inatembea mbele yake na mabuti ya mvua. Na haikuanzia mwanzo. Ilianzia kwenye saba, na inaanzia kwenye saba pale tu unapoizidisha kwa tano. Mara tano. Wa tano.

Jamani, mtu yule alitaka kulia. Kumbe ilikuwa inaingia. Maneno yote yale juu ya meza ya kukatia, na ile "ego" yake moja, kumbe ilikuwa inaingia yote na kukaa. Halafu hapohapo akakumbuka kwamba hawezi kusema.

Mzee Ntirampeba alikuwa ameshasimama, ananyoosha koti. Alikuwa ameshaamua. Alimpenda wa pili, yule wa kofi moja, akiamini kwamba msichana mwenye haya ndiye bibi harusi. Cadet akakohoa. Baba mdogo hakugeuka. Akamvuta pindo la koti, mkono wake ukapigwa. Akaweka vidole vitano juu ya goti, akavitikisa, na hapo mzee alivitazama, akamkodolea macho kwa hasira na kuvifunika kwa kiganja chake, maana aliona kijana ameanza, anazidisha hadharani mbele ya wakwe. Kila dalili aliyotoa Cadet ilimzidishia mzee woga. Hivyo ndivyo inavyokuwa ukishajulikana kwa jambo moja.

Ntirampeba akanyoosha mkono kuelekea wa pili, akafungua kinywa.

Cadet akaona mambo yote mawili wazi. Akinyamaza, watamkosa Consolée kwa kuchagua vibaya. Akisema, watamkosa kwa kuvunja desturi. Tofauti ilikuwa moja tu: akinyamaza, Consolée atabaki chini ya lile blanketi akidhani amemwita na yeye hakusikia. Hilo hakuliweza.

"Wa tano," akasema. Aliinuka kabisa kitini. "Ni wa tano, baba mdogo."

Ntirampeba alikaa chini kama mtu aliyekatwa miguu. Mama Therese, hajui la kufanya, alimwendea wa tano na kumfunua, na chini ya blanketi alikuwa Consolée, jasho usoni, anamtazama Cadet moja kwa moja. Kigelegele kimoja kikaanza huko jikoni, kikaona kiko peke yake, kikakoma.

Mzee Harerimana alisimama polepole. Akasema mgeni amesema, na kila mtu amesikia. Wakati vijana wa Kasulu wameanza kuinama kuchukua kapu, akaongeza kwamba kabla hawajaondoka anataka kujua ni nani wa nyumba hii aliyemuuzia fundi siri, maana mtu hawezi kuona kupitia blanketi. Akamtazama mama Therese. Akamwamuru Cadet ajibu, kwa kuwa ameshaanza kuongea amalizie.

Basi Cadet akamaliza. Alisimama pale, akijua hana tena cha kupoteza, akaieleza namba yake: sinia la ugali, watu sita, kila mara wanahesabiwa kutoka kwa mwingine. Akaeleza makofi. Vijana wakatoa simu. Ndayikeza akavaa miwani, akazidisha mwenyewe kwa kidole kimoja, akatazama, akafuta, akazidisha tena. Kisha akasoma kwa sauti ya kanisani tarakimu moja baada ya nyingine, na kila aliposoma moja, blanketi moja lilitikisika kwa kicheko. Mama Therese akashika kiuno. Akasema ndiyo maana mtoto alikuwa akiwanong'oneza wenzake kule jikoni walipopangwa, yeye akadhani wanaomba.

Mzee Harerimana hakucheka. Alimgeukia binti yake na kumuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli, baba," alisema Consolée. "Watu wanadhani huwa namvumilia. Mimi hiyo namba naipenda. Nikiwa shambani naizidisha kichwani, jembe linakwenda." Kisha akamtazama Cadet kwa aibu. "Na kuna kitu chake ambacho yeye hajawahi kuniambia, nimekiona mwenyewe. Ikate katikati. Mia moja arobaini na mbili, jumlisha mia nane hamsini na saba. Ni tisa tatu. Ikate vipande vitatu, kumi na nne na ishirini na nane na hamsini na saba, ni tisa mbili. Nilikuwa namwekea."

Ungemwona Cadet wakati ule, midomo inachezacheza, anajumlisha. Ni tisa tatu kweli. Miaka miwili ameishika namba ile mikononi kila siku, na hakuwahi kuikata, yeye, mtu anayeishi kwa mkasi. Machozi yakamtoka bila hata kujificha, na mbele ya wakwe.

Mzee Harerimana alifikiri kwa muda mrefu, kama anavyofikiri mbele ya mzinga.

"Katika ua huu aliyesema kwanza ni binti yangu," alisema. "Huyu aliitwa, akaitika. Sijawahi kumfukuza mtu kwa kuitika." Akakaa. "Wageni, tunawapa. Mmesikia?"

Watu wote wakamgeukia Cadet. Sasa alikuwa na ruhusa, angeweza kusema mpaka jioni. Akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena, na neno halikutoka. Mzee Ntirampeba alimngojea, akamngojea zaidi, akamgusa na kiwiko. Alipoona hakuna kitu, akasimama yeye, akajifuta macho kwa tai, akajibu kwa niaba ya kijana wake kama desturi inavyotaka.

"Tumesikia," akasema. "Anashukuru."